MTOTO ANASHTUKA KUPITA KIASI: ULIZA KWANZA, TANGU LINI?

Hakuna mtoto asiyeshtuka. Sufuria ikianguka jikoni, mlango ukibamizwa na upepo, au radi ikipiga juu ya paa la mabati, mtoto hurusha mikono, hukunja uso na kulia kidogo. Mama humpakata, na mambo yakaisha. Kushtuka ni mlinzi ambaye kila mwanadamu huzaliwa naye, na askari anayesoma ukurasa huu anamjua mlinzi huyo kuliko wengi wetu.

Lakini wako watoto ambao mlinzi wao hatulii. Sauti ndogo huwakaza mwili mzima wakawa kama ubao. Wengine huanguka kifudifudi kama gogo, na wengine hukimbilia chini ya kitanda wakatetemeka hadi jioni. Mzazi wa Kabingo, wilayani Isingiro, aliye na mji wa Mbarara upande mmoja na makazi ya wakimbizi ya Nakivale upande mwingine, huletewa majina mengi ya jambo hilo. Bibi husema ni degedege. Jirani husema ni pepo au jicho la watu. Baba, hasa akiwa mtu wa jeshi au polisi, huona haya na kusema kwamba mtoto ni mwoga na lazima afundishwe ujasiri.

Majina yote hayo hutolewa kabla ya swali kuulizwa. Swali lenyewe ni fupi: Mtoto huyu anashtuka hivi tangu lini? Je, ni tangu siku aliyozaliwa, au ni baada ya siku chache, au ni baada ya jambo fulani kutokea? Majibu haya matatu huelekeza kwenye maradhi matatu mbalimbali, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

MSHTUKO WA KAWAIDA

Tuanze na ulio wa kawaida, ili wazazi wasiingiwe na hofu bure. Mtoto mchanga mwenye afya, akishtuliwa au kichwa chake kikilegea nyuma ghafla, hutupa mikono nje kisha huirudisha kifuani kama anayetaka kukumbatia. Hiyo ni dalili njema kwamba mishipa yake ya fahamu inafanya kazi. Hali hiyo hupungua na kwa kawaida huisha mtoto afikapo miezi 4 hadi 6. Aidha, mtoto mwenye afya huzoea. Gonga meza mara tano, na mara ya tano hatajali kama alivyojali mara ya kwanza.

TANGU KUZALIWA

Mtoto tunayetaka kumzungumzia zaidi ni yule asiyezoea kamwe. Tangu saa au siku zake za kwanza duniani mwili wake umekakamaa. Mama akimvisha nguo au akimwogesha, hukaza mikono na miguu, hukunja ngumi, na kichwa hurudi nyuma. Akilala usingizi, ukakamavu huo hutoweka na mwili hulegea kama wa mtoto yeyote. Akiguswa ghafla au mtu akipiga chafya karibu naye, hushtuka mwili mzima, na hushtuka vivyo hivyo mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Mhudumu wa afya anayejua dalili hii humgonga polepole kwa kidole kwenye ncha ya pua. Mtoto wa kawaida hupepesa macho tu, kisha huzoea. Mtoto huyu hurudisha kichwa nyuma kila anapogongwa.

Ugonjwa huu ni wa nadra sana, na waganga huuita haiperekpleksia, jina litokanalo na Kigiriki lenye maana ya kushtuka kupita kiasi. Mwaka 1958 waganga wawili wa Sweden, Kirstein na Silfverskiöld, waliandika habari za ukoo mmoja ambao watu wake walianguka chini kila waliposhtuliwa. Mwaka 1966 Suhren, Bruyn na Tuynman wa Uholanzi walieleza ukoo mwingine, na ndipo jina hilo lilipoanza kutumika. Hatimaye mwaka 1993 wataalamu waligundua kasoro katika jeni iitwayo GLRA1, na baadaye jeni nyingine zilipatikana.

Kasoro hiyo hufanya nini? Misuli yetu hupokea amri za namna mbili: ya kukaza na ya kulegeza. Katika uti wa mgongo na shina la ubongo, amri ya kulegeza huchukuliwa na kitu kiitwacho glisini. Kwa mtoto huyu glisini haipokelewi sawasawa, au haipatikani ya kutosha mahali inapohitajika. Amekuwa kama askari aliyepewa amri ya mguu sawa, na amri ya mguu pande haikumfikia. Pepo hayumo katika jambo hili, wala si kosa la mama aliyembeba.

Ugonjwa huu huenda kwa damu. Pengine hutoka kwa mzazi mmoja ambaye naye hushtuka kupita kiasi. Pengine baba na mama wote ni wazima, lakini kila mmoja amebeba jeni yenye kasoro bila kujua, na mtoto akazipata zote mbili. Jambo hili la pili huweza kutokea zaidi pale mume na mke wanapokuwa wa damu moja, kama binamu kwa binamu. Kwa hiyo daktari akiuliza habari za ukoo, asijibiwe kwa hasira. Anatafuta njia ya ugonjwa, hatafuti wa kumlaumu.

HATARI NA MKONO WA MZAZI

Mtu aweza kusema: kushtuka tu, kuna ubaya gani? Ubaya upo, nao ni mkubwa. Misuli ya kifua ikikaza pamoja na mingine, pumzi huweza kukatika, na watoto wengine wachanga wamefariki ghafla kwa njia hiyo. Kukaza kwa tumbo huweza pia kuleta ngiri ya kitovu. Mtoto aanzapo kutembea, ukakamavu wa mwili huwa umepungua, lakini mshtuko hubaki. Akishtuliwa hukaza, akaanguka bila kuweza kutanguliza mikono, akapasuka paji la uso au kuvunja meno. Wakati wote huo macho yake yako wazi na fahamu zake anazo. Wengi wa watoto hawa hukua na akili zao timamu, ingawa baadhi huchelewa kutembea au kusema.

Kuna jambo moja ambalo mzazi wa mtoto aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huu hana budi kufundishwa na daktari au muuguzi kabla hajaondoka hospitalini. Mwaka 1989 Vigevano na wenzake wa Italia walionyesha kwamba mkazo wenye hatari huweza kukomeshwa kwa mikono mitupu. Mtoto hukunjwa: mkono mmoja huwekwa nyuma ya kichwa na kukiinamisha kuelekea kifuani, na mkono wa pili huikunja miguu kuelekea tumboni. Hushikwa hivyo, kwa uthabiti bila ukatili, mpaka mwili ulegee na pumzi irudi. Hakihitajiki chombo chochote, na mtu mzima yeyote wa nyumbani aweza kujifunza: baba, shangazi, hata kaka mkubwa. Mtoto akishapitiwa na hali hiyo apelekwe hospitali, hata kama amerudia hali yake.

Tafadhali msomaji, usiliche onyo hili njiani: kumkunja huku ni kwa mtoto ambaye ugonjwa wake umekwisha julikana. Usimkunje mtoto mwenye kifafa, wala aliyeanguka na kuumia shingo, wala mwenye pepopunda ambaye kuguswa kwenyewe humwongezea mateso.

DAWA IPO

Habari njema ni kwamba dawa ipo. Inayotumiwa zaidi ni klonazepamu. Dawa hii haiondoi kasoro ya jeni, bali humpa nguvu mjumbe mwingine wa kutuliza aliyemo mwilini, hivyo mshtuko na mkazo hupungua. Watoto wengi hupata nafuu kubwa.

Hata hivyo, dawa hii si ya kununuliwa dukani kwa kukisia. Kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, na kikizidi huleta usingizi mzito, mate mengi na kupungua kwa pumzi. Isikatwe ghafla kwa sababu mtoto ameonekana amepona, kwani kukatwa ghafla kuna hatari yake. Wala asipewe mtoto wa jirani kwa kuwa naye anashtuka.

Mzazi wa Kabingo au wa Nakivale aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aombe barua ya rufaa, na aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Hospitali hiyo hutumiwa kufundishia na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, na ina madaktari wa watoto. Kama mtu wa nyumbani ana simu yenye kamera, na apige picha ya sinema ya mtoto anaposhtuka. Dakika moja ya picha hiyo humweleza daktari mengi kuliko maneno ya siku nzima, kwani mara nyingi mtoto akifika hospitali hulala usingizi, na mwili uliokuwa ubao huonekana hauna kasoro.

Nyumbani, mwite mtoto kwa jina kabla ya kumgusa. Asitembee karibu na mafiga yenye chungu cha moto, wala asitumwe kisimani peke yake. Barabarani ashikwe mkono, maana honi moja ya bodaboda yaweza kumwangusha mbele ya gari. Shuleni akae mbali na kengele, na wenzake waambiwe wazi kwamba kumshtua si mchezo.

BAADA YA SIKU CHACHE

Sasa tulitazame jibu la pili. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kisha, kati ya siku ya 3 na ya 28, taya likakaza, akashindwa kunyonya, na kila sauti au mwanga ukawa unamkaza mwili. Huyo adhaniwe kuwa na pepopunda mpaka daktari aseme vinginevyo. Asingojewe hata usiku mmoja.

Jina la Kiswahili la maradhi haya limembeba pepo ndani yake, na wazee waliolitunga waliona kweli mwili uliopinda na kutikisika kwa mlio mdogo tu. Lakini chanzo ni kijidudu kikaacho udongoni na katika mavi ya wanyama, kinachoingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi na majivu. Sumu ya kijidudu hicho huzuia glisini isitolewe, yaani ni ile ile amri ya mguu pande inayozuiwa, ila safari hii kizuizi kimetoka nje ya mwili. Ndiyo maana maradhi haya mawili hufanana hata kumchanganya mhudumu.

Mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, kwa maana ya kwamba imekuwa haba mno na si tishio tena kwa umma. Kijidudu chenyewe bado kimo udongoni. Mama mjamzito achanjwe, ajifungulie mahali penye mhudumu, na kitovu kikatwe kwa chombo safi na kisipakwe kitu asichoagiza mhudumu.

Yako maradhi mengine yasiyopaswa kusahauliwa. Mtoto mwenye homa anayekakamaa aweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Huyo akimbizwe mara moja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, anayejikunja mara nyingi kwa mfululizo kila aamkapo bila sauti yoyote ya kumshtua, aweza kuwa na aina ya kifafa cha watoto wachanga, na kuchelewa humharibia akili.

BAADA YA JAMBO KUTOKEA

Jibu la tatu ninalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Kabla sijahamishiwa kazi ya ofisini nilifundisha shule ya msingi. Darasani mwangu alikuwamo mvulana wa miaka kama kumi, mtoto wa wakimbizi kutoka Kongo. Siku moja embe lilianguka juu ya mabati. Kufumba na kufumbua, mtoto alikuwa chini ya dawati, mikono kichwani. Darasa zima likacheka. Nami, badala ya kunyamazisha kicheko, nilimsimamisha mbele na kumwuliza kama maembe nayo yanauma. Wiki ya pili jambo likarudia, nikamwadhibu kwa kuvuruga somo. Baada ya hapo hakuja shuleni siku tatu.

Siku ya nne mama yake alikuja, amejifunga kitenge, akasimama mlangoni mpaka watoto wakatoka. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, huyu alikuwa mtoto kama wengine, hakuwa anashtuka. Ameanza tangu ule usiku tuliotoka kwetu." Sikumwuliza usiku gani. Aliniambia mwenyewe, na sitaandika hapa aliyoniambia. Itoshe kusema kwamba mtoto alisikia mlio juu ya mabati ya nyumba yao kabla ya mimi kumsikilizisha wa embe, na mlio ule haukuwa wa embe.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtoto aliyepita katika vita, au aliyeona watu wakiuawa, huweza kupata kiwewe. Kushtuka kwake huja na mambo mengine: ndoto mbaya, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kukimbia mazungumzo fulani, kukaa pekee, au kumng'ang'ania mama. Misuli na jeni zake hazina kasoro. Huyu asipewe klonazepamu kwa kuwa ilimfaa mtoto wa kwanza, wala asikunjwe kama yule.

Dawa yake hasa ni kusikilizwa kwa utaratibu, na jambo hili limejaribiwa papa hapa kwetu. Nakivale ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, na wataalamu wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Mbarara waliwatibu huko watoto sita wa Kisomali kwa njia ya kusimulia maisha yao. Habari zao zilichapishwa mwaka 2005. Katika njia hiyo, mtoto hutandaza kamba sakafuni kuwa ndiyo maisha yake. Huweka ua mahali pa jambo jema na jiwe mahali pa jambo baya, kisha husimulia toka mwanzo hadi mwisho akiwa na mtu mzima aliyefunzwa, mpaka lile la zamani likae mahali pake pa zamani. Dalili za watoto hao zilipungua, na miezi 9 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi, wa wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali wa Nakivale. Waliowatibu walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, asilimia 70 ya waliotibiwa kwa kusimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe, ilhali kwa wasiotibiwa walikuwa asilimia 37 tu.

Wewe baba askari, yawezekana maneno haya yanakuhusu mwenyewe. Kama tangu urudi kazini mbali, kifuniko cha sufuria kikianguka unajikuta umesimama na moyo unadunda, hilo nalo lina mwanzo wake na tiba yake. Mtoto anayemwona baba akienda kutibiwa hataona haya kutibiwa.

NENO LA MWISHO

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto wako akishtuka kupita kiasi, usimpige wala usimcheke, na usimzungushe kwa waganga wa pepo mpaka siku zimepita. Chukua daftari uandike mambo manne: ameanza lini, ni kitu gani humshtua, anaposhtuka fahamu anazo au hana, na akilala mwili hulegea au la. Beba daftari hilo pamoja na kadi ya chanjo uende kituo cha afya. Mhudumu akisema "atazoea tu" na wewe umeona kwamba hazoei, mwombe kwa heshima barua ya rufaa.

Mvulana wangu yule alirudi darasani. Nilimhamisha mbali na dirisha, nikawaeleza wenzake wasicheke, na siku ya mvua nilisema mapema, "Watoto, mabati yatapiga kelele sasa hivi." Haikuwa tiba, lakini aliacha kuingia chini ya dawati kila mara. Laiti ningalimwuliza mama yake mapema, tangu lini, mtoto yule asingalisimama mbele ya darasa kuchekwa kwa kosa ambalo halikuwa lake.